Friedrich Mwenye Hekima na Ukoo wa Wettin

Historia ya Matengenezo ya Kanisa haikamiliki bila kumtaja Friedrich wa Tatu wa Saxony, aliyeitwa Mwenye Hekima. Alizaliwa Torgau, Ujerumani, tarehe 17 Januari 1463, katika ukoo wa Wettin.

Ukoo huo ulipata jina lake kutokana na ngome iliyo kando ya mto Saale. Haukuanza na ukuu. Mwaka 1089 ulikabidhiwa jimbo la mpakani la Meissen. Mwaka 1168 madini ya fedha yaligunduliwa katika nchi yake, mahali palipokuja kuitwa Freiberg, nayo yakauletea utajiri mwingi. Mwaka 1247 mtawala wa Thuringia alipofariki bila mrithi, ukoo ulidai nchi hiyo pamoja na ngome ya Wartburg, ukaipata baada ya vita vya miaka mingi. Hatimaye, mwaka 1423, Mfalme Sigismund alimpa Friedrich wa Kwanza nchi ya Wittenberg pamoja na cheo cha kuwa mmoja wa watawala saba waliomchagua mfalme wa Ujerumani. Cheo hicho kilikuwa malipo ya kupigana na wafuasi wa Jan Hus, mhubiri aliyechomwa moto mwaka 1415 ingawa Sigismund alikuwa amemwahidi usalama.

Friedrich Mwenye Hekima alikuwa kitukuu wa shujaa huyo wa vita. Mwaka 1485 baba yake na baba yake mdogo waligawana nchi, na mji wa Leipzig wenye chuo kikuu ukaenda upande wa pili. Friedrich alirithi cheo mwaka 1486, na mwaka 1502 akaanzisha chuo kikuu chake Wittenberg. Huko ndiko alikofundisha Martin Luther.

Mtawala huyu hakuwa mwanamatengenezo tangu mwanzo. Alihiji Yerusalemu mwaka 1493, na kufikia mwaka 1520 alikuwa amekusanya masalio ya watakatifu zaidi ya 19,000. Hata hivyo, Roma ilipomwita Luther mwaka 1518, Friedrich alihakikisha kwamba anasikilizwa Augsburg, katika ardhi ya Ujerumani. Alipotakiwa kumtoa, alikataa. Baada ya Baraza la Worms la mwaka 1521 aliruhusu Luther afichwe Wartburg, na huko Agano Jipya likatafsiriwa kwa Kijerumani. Mambo yao yalipitia kwa katibu wake, Georg Spalatin.

Hivyo cheo kilichopatikana kwa kuwapiga wafuasi wa Hus kikawa ngao ya mhubiri mwingine, asipatwe na yaliyompata Hus. Friedrich hakulinda fundisho alilolielewa lote. Alilinda haki ya mtu kusikilizwa kabla ya kuhukumiwa.

Alifariki tarehe 5 Mei 1525, akiwa ameshiriki Meza ya Bwana kwa mkate na divai, akazikwa katika Kanisa la Ngome, Wittenberg. Ukoo wake uliendelea kutawala Saxony hadi mwaka 1918. Ulikuwa ungali madarakani mwaka 1893, wamisionari wa Leipzig walipofika Kilimanjaro wakiwa na Injili.