Sheikh Al-Amin na Urithi wa Kinyongo

Tangu usiku ule wa Agosti 1997, kituo cha polisi cha Likoni kiliposhambuliwa na majirani wenye asili ya bara wakafukuzwa majumbani mwao, wengine wakauawa, wako masheikh na makasisi wa Mombasa ambao wamekuwa wakiketi pamoja ili kuzima fitina kabla haijawaka. Juhudi hizo nazistahi. Hata hivyo, mimi niliye mwalimu, nikipita vichochoro vya Mji wa Kale humkumbuka mtu aliyeikabili fitina kwa kalamu miaka mingi kabla: Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui.

Alizaliwa Mombasa mwaka 1891, katika ukoo uliokuwa na kila sababu ya kuweka kinyongo. Wamazrui waliutawala mji huu hadi 1837, Sayyid Said alipowaangusha na wakuu wao wakahamishiwa Bandar Abbas. Baba yake, Sheikh Ali bin Abdallah, alitiwa gerezani na Sayyid Barghash kwa ajili ya madhehebu. Al-Amin alifiwa na baba angali mdogo, akalelewa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali. Alipotafuta elimu zaidi alikwenda wapi? Unguja, kwa Sayyid Ahmad bin Sumait, kadhi wa masultani wale wale! Hapo, msomaji, ndipo ninaposimama kila nisomapo maisha yake.

Mwaka 1930 alianzisha Sahifa, karatasi ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Mwaka 1932 likafuata gazeti la Al-Islah. Nyakati hizo mji ulikuwa umegawanyika vibaya. Serikali ya kikoloni iliwapa kura waliohesabiwa kuwa Waarabu, ikawanyima Waswahili wa Thenashara Taifa, na watu waliosali msikiti mmoja wakaundiana vyama. Yeye alihimiza umoja na elimu, ya wasichana pia, akakemea israfu. Sisemi kuwa kalamu yake ilikuwa laini, wapo iliowachoma.

Mwaka huo wa 1932 akawa kadhi wa Mombasa, na mwaka 1937 Kadhi Mkuu wa Kenya, akihukumu katika ukanda wa pwani uliokuwa bado chini ya bendera ya Sultani, hadi alipofariki mwaka 1947.

Makala za Sahifa zilikusanywa mwaka 1944 katika kitabu Uwongozi. Nakala yangu imechakaa kwa kuazimwa na wanafunzi, wa kisiwani na wale wavukao kila asubuhi kwa feri kutoka Likoni.