Andrew Still, tabibu wa mikono anayetahiniwa hadi leo

Mpwa wangu anasomea udaktari Marekani, na sasa anajiandaa kwa mtihani wa leseni uitwao COMLEX. Nilidhani kinachomnyima usingizi ni dawa au upasuaji. Kumbe ni tiba ya mikono! Lazima akariri ni pingili zipi za uti wa mgongo zinazohusiana na neva za moyo, zipi na za tumbo, na ajue kupapasa misuli na kunyoosha viungo. Hapo ndipo nilipotaka kumjua mwanzilishi wa elimu hiyo.

Andrew Taylor Still alizaliwa Virginia mwaka 1828. Babake alikuwa mhubiri wa Methodisti na tabibu, naye akajifunza uganga kwa kumfuata babake kwa wagonjwa, kama wengi wa zama zile. Alipinga utumwa, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka alipigana upande wa Kaskazini.

Pigo lake kubwa halikutoka vitani. Mwaka 1864 homa ya uti wa mgongo iliingia nyumbani kwake Kansas na kuua watoto wake watatu. Yeye mwenyewe alikuwa tabibu, na aliita matabibu wenzake, lakini hakuna aliyeweza kitu. Dawa za wakati huo zilikuwa pamoja na zebaki na kasumba, na wagonjwa walitolewa damu. Nadhani mzazi yeyote anaelewa kwa nini aliondoka makaburini akiwa amepoteza imani na dawa hizo.

Alirudi kwenye mifupa. Aliichunguza miaka kadhaa, na mwaka 1874 akatangaza elimu mpya aliyoiita baadaye ostiopathi: kwamba mwili una uwezo wa kujiponya, na kazi ya tabibu ni kuondoa vizuizi vya damu na neva kwa mikono yake. Chuo kimoja ambacho jamaa zake walisaidia kukianzisha kilimkatalia nafasi ya kuifundisha. Akahamia Kirksville, Missouri, akawa akizunguka miji akiunga mifupa, huku wengine wakimwona tapeli.

Mwaka 1892, akiwa na umri wa miaka 64, alifungua shule yake hapo Kirksville. Wanawake walikuwemo tangu darasa la kwanza, jambo ambalo vyuo vingi vya udaktari havikulikubali. Alifariki Desemba 1917 akiwa na miaka 89.

Simsifu kwa kila kitu. Still alizikataa karibu dawa zote na kuamini mikono ingetibu hata maradhi ya kuambukiza. Hapo alikosea. Baada yake, vyuo vya ostiopathi vilifundisha dawa na upasuaji kikamilifu, na leo wahitimu wake ni madaktari kamili katika majimbo yote ya Marekani. Tiba ya mikono ikabaki, hasa kwa maumivu ya mgongo, lakini si kwa kila ugonjwa.

Kwangu mimi, hilo ndilo jambo kubwa aliloacha. Ujuzi wake uliingia darasani, na darasani ukaweza kuulizwa maswali. Kilichofaa kikahifadhiwa, kisichofaa kikaachwa. Mwanafunzi anayelalamikia mtihani huo ajue kwamba bila darasa na mtihani, ujuzi wa Still ungezikwa naye.

Hapa Pwani tunao wakandaji na waunga mifupa ambao watu huwakimbilia kabla ya hospitali. Wengine wanasaidia, wengine wanavunja zaidi. Tutawatofautishaje, ikiwa hakuna anayeandika wanachofanya wala kukipima? Kila mzee wa kazi hiyo akifariki, anaondoka na mema yake na makosa yake, nasi tunabaki kukisia. Vyuo vyetu vya afya viwaendee wangali hai.