Valentino Mazzola

Valentino Mazzola (26 Januari 1919 – 4 Mei 1949) alikuwa mchezaji wa mpira wa miguu kutoka Italia, nahodha wa klabu ya Torino katika miaka ya 1940. Alijulikana kama mshambuliaji wa ndani, lakini alirudi nyuma kunyang'anya mipira, aligawa pasi katikati ya uwanja, na bado alifunga kuliko washambuliaji wengi wa wakati wake. Wapo Waitalia wanaomhesabu kuwa mchezaji bora kuliko wote waliowahi kutokea nchini mwao.

Maisha ya awali

Alizaliwa Cassano d'Adda, karibu na Milano, katika familia maskini. Alianza kazi mapema, kwanza kwa mwoka mikate, kisha katika kiwanda cha nguo. Baadaye alipata kazi kwenye kiwanda cha magari cha Alfa Romeo akaichezea timu yake. Utumishi wa kijeshi katika jeshi la majini ulimpeleka Venice, na huko klabu ya Venezia ikamsajili mwaka 1939.

Venezia na Torino

Akiwa Venezia alishirikiana na Ezio Loik, na mwaka 1941 walitwaa Kombe la Italia. Msimu uliofuata Venezia ilimaliza ya tatu katika Serie A, jambo kubwa kwa klabu ndogo. Mwaka 1942 rais wa Torino, Ferruccio Novo, aliwanunua wote wawili kwa pamoja.

Torino ilichukua ubingwa wa Italia mwaka 1943. Ligi iliposimama kwa sababu ya vita na kurudi tena, ikauchukua mara nne mfululizo, kuanzia 1946 hadi 1949. Mwaka 1947 Mazzola alikuwa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 29. Msimu wa 1947–48 timu ilifunga mabao 125 katika mechi 40, na Alessandria ilifungwa 10–0.

Katika uwanja wa Filadelfia, timu ilipokuwa inasuasua, shabiki mmoja aliyekuwa mfanyakazi wa reli alipiga tarumbeta. Mazzola alikunja mikono ya jezi yake, na wenzake wakajua kwamba sasa ni wakati wa kushambulia. Mara nyingi mechi iliamuliwa ndani ya dakika chache tu.

Timu ya taifa

Aliichezea Italia mechi 12 tu na kufunga mabao 4. Idadi hiyo ndogo haitoi picha ya uwezo wake: Kombe la Dunia halikufanyika mwaka 1942 wala 1946 kutokana na vita. Tarehe 11 Mei 1947 Italia iliifunga Hungaria 3–2 ikiwa na wachezaji kumi wa Torino kati ya kumi na mmoja.

Kifo

Tarehe 3 Mei 1949 Torino ilicheza mechi ya kirafiki na Benfica mjini Lisbon. Kesho yake, wakati wa kurudi, ndege yao iligonga ukuta wa nyuma wa basilika ya Superga, juu ya kilima karibu na Torino, katika ukungu mzito. Watu wote 31 walikufa, wakiwemo wachezaji 18. Mazzola na Loik walikuwa miongoni mwao. Zikiwa zimebaki mechi nne, Torino ilimalizia ligi kwa kikosi cha vijana, na wapinzani nao wakapanga vijana wao.

Mwaka uliofuata timu ya Italia ilisafiri kwa meli kwenda Kombe la Dunia nchini Brazil. Torino haikuwa bingwa tena hadi 1976. Mwanawe Mazzola, Sandro, aliyekuwa na miaka sita siku ya ajali, alichezea Inter Milan na kuwa bingwa wa Ulaya na timu ya taifa mwaka 1968.