Arnold Theiler, Mganga wa Mifugo wa Mkono Mmoja

Tulipoambiwa darasani kwamba kila mmoja achague mtu mashuhuri aliyekwisha kufa na kuandika maisha yake, wenzangu wengi walichagua wafalme na viongozi wa vita. Mimi nimemchagua mganga wa ng'ombe. Nitaeleza sababu.

Kwetu ni Bwaise, hapa Kampala, kando ya barabara ya Bombo, mahali pa chini ambapo mvua ikinyesha maji huingia nyumbani bila kupiga hodi. Jajja wangu alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, aliyefungiwa bandani nyuma ya nyumba. Majani yake tulikwenda kuyakata mbali, tukayaleta kwa baiskeli. Maziwa ya ng'ombe huyo ndiyo yaliyonilipia karo.

Siku moja ng'ombe akaacha kula. Mwili wake ulikuwa moto, na tezi zilizo chini ya masikio zilivimba kama mayai. Tukamwita mtu mmoja aliyejulikana mtaani kwa kutibu mifugo. Mtu huyo hakumgusa ng'ombe, hakumpima joto, wala hakutuuliza neno. Alimdunga sindano, akapokea fedha zake, akaenda zake. Siku ya nne ng'ombe akafa, povu likimtoka puani.

Baadaye daktari mwingine alitueleza kwamba ulikuwa ugonjwa ambao Waganda huuita amakebe, na katika Kiswahili huitwa ndigana kali. Alituambia kuwa kupe wanaouleta huenda walikuja ndani ya majani tuliyoyakata sisi wenyewe. Tena alisema dawa yake ipo, lakini sharti itolewe mapema. Jajja alinyamaza kimya. Mimi nilikwenda kutafuta vitabuni ni nani aliyeutambua ugonjwa huo, ndipo nikakutana na habari za Bwana Arnold Theiler.

Bwana Theiler alizaliwa mwaka 1867 katika mji mdogo wa Frick, nchi ya Uswisi. Baba yake alikuwa mwalimu. Alisomea uganga wa wanyama katika miji ya Bern na Zürich, na mwaka 1891, akiwa kijana wa miaka 24, alisafiri mpaka Afrika Kusini kutafuta maisha. Hakuwa na mali wala jamaa huko. Kwa kuwa alikosa kazi ya uganga, akakubali kazi katika shamba kubwa karibu na Pretoria. Huko msiba ukampata: mashine ya kukatia majani ya mifugo ilimkata mkono wa kushoto.

Fikirini, wasomaji. Kijana mgeni, maskini, na kazi aliyojifunza ni ya kushika farasi na mafahali, naye sasa ana mkono mmoja. Wengi wangepanda meli kurudi kwao. Yeye alifungua mahali pa kutibia wanyama mjini Pretoria, akangoja watu. Watu hawakuja. Nani atampeleka farasi wake kwa mganga asiyejulikana, mwenye mkono mmoja? Miezi ile ilikuwa ya dhiki.

Lakini mwaka 1893 ndui ilizuka katika sehemu za migodi ya dhahabu. Chanjo ya ndui wakati ule ilitengenezwa kwa kutumia ndama, na Bwana Theiler aliijua kazi hiyo. Akatengeneza chanjo, nayo ikafanya kazi vizuri. Hapo serikali ikamwona. Mwaka 1896 sotoka ilipoingia Afrika Kusini kutoka kaskazini, yeye alikuwa miongoni mwa waliotumwa kuichunguza. Sotoka ile ndiyo iliyokuwa imekwisha kupita katika nchi zetu za Afrika Mashariki miaka michache kabla yake, ikawafukarisha wafugaji wetu kabisa. Pamoja na mwenzake Watkins-Pitchford alifanya kazi ya kutafuta kinga kwa kutumia maji ya damu ya ng'ombe waliopona. Vita vya Makaburu na Waingereza vilipoanza mwaka 1899, alikuwa mganga wa farasi upande wa Makaburu. Vita vilipokwisha, Waingereza hawakumfukuza, maana walijua hawana mwingine kama yeye.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nimchague. Kwa kuwa sotoka na vita vilikuwa vimemaliza ng'ombe wa kusini, watu waliagiza wengine kutoka nje. Katika miaka ya 1901 na 1902 baadhi yao waliletwa kwa meli kutoka pwani yetu ya Afrika Mashariki, nao walikuja na ugonjwa. Ng'ombe wa Rhodesia wakaanza kufa, kisha na wa Transvaal. Wakulima, na hata wataalamu, walidhani ni ule ugonjwa wa zamani wa kukojoa damu, ambao pia huletwa na kupe. Walitibu walichokijua, na ng'ombe wakazidi kufa. Hata Robert Koch, yule Mjerumani mkubwa aliyegundua kijidudu cha kifua kikuu, aliitwa Rhodesia mwaka 1903, akajaribu kuwachanja ng'ombe, lakini chanjo yake haikuwaokoa.

Bwana Theiler hakukimbilia sindano. Alichukua tone la damu, akalipaka juu ya kioo, akalitazama kwa hadubini, akaona vijidudu vidogo kuliko vile vya kukojoa damu. Kisha alitia damu ya ng'ombe wagonjwa katika ng'ombe wazima, nao hawakuugua. Kama ungekuwa ugonjwa wa kukojoa damu, wangeugua. Basi yalikuwa magonjwa mawili, wala si mmoja. Mwaka 1904 alikipa kijidudu hicho kipya jina lake, na mwaka huohuo Lounsbury, mtaalamu wa wadudu wa huko Cape, alionyesha kuwa kinachukuliwa na kupe wa rangi ya kahawia anayependa kukaa masikioni mwa ng'ombe. Walipojua hayo, walijua na la kufanya: kuogesha ng'ombe katika majosho, kuwazuia wasihamehame, na kuacha malisho yenye ugonjwa bila ng'ombe kwa muda wa miezi kumi na mitano, mpaka kupe wale wafe. Kwa njia hizo Afrika Kusini iliuondoa ugonjwa huo kabisa katika miaka ya 1950. Leo wataalamu wa dunia nzima hukiita kijidudu hicho Theileria, kwa heshima yake.

Mwaka 1908 alifungua maabara kubwa ya Onderstepoort, karibu na Pretoria, na mwaka 1920 pakaanzishwa hapo shule ya uganga wa wanyama, yeye akiwa mkuu wake wa kwanza. Alifariki London mwaka 1936. Watoto wake walifuata nyayo zake. Binti yake Gertrud alikuwa mtaalamu wa kupe. Mwanawe Max aligundua chanjo ya homa ya manjano, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1951. Kila mmoja wetu aliyechanjwa homa hiyo amepata faida kutoka nyumba ile.

Kwetu Uganda ndigana kali haijakwisha. Ipo chanjo iliyotengenezwa Muguga, nchini Kenya, na zipo dawa. Lakini dawa nzuri katika mkono wa mtu asiyetazama haina kazi. Yule aliyekuja kwetu alikuwa na mikono miwili na mfuko wa sindano, na ng'ombe alikufa. Bwana Theiler alikuwa na mkono mmoja, lakini alipima kwanza, akauliza, akaandika alichokiona, ndipo akatibu. Nami sitaweka lawama yote kwa mtu yule. Tezi zile mimi mwenyewe nilizipapasa siku mbili kabla ya kumwita, nikanyamaza kwa kuwa sikujua maana yake. Kuuliza si ujinga, lakini mimi sikuuliza.

Sasa Jajja amenunua mtamba. Kila jioni mdogo wangu humtazama masikio, humpapasa tezi na kumpima joto, na nikirudi likizo nafanya mimi. Tunaandika yote katika daftari. Joto likipita nyuzi 39 na nusu, tunamwita daktari usiku huohuo, naye akija tunampa daftari kwanza. Nikishinda mtihani wangu, natumaini kwenda kujifunza kazi hiyo Makerere, kilima ambacho kutoka Bwaise mtu hufika kwa miguu. Nanyi wasomaji mlio na mifugo nyumbani, rudini mkaitazame masikio leo.