Mwalimu Nyerere na ishu ya utafiti: ufanye mwenyewe au ununue?

Leo nawaletea Mwalimu Nyerere, ila sio ile stori ya uhuru tuliyokariri tangu shule ya msingi. Sisi wa huku Manyamanyama, Bunda, tumjue na kwa upande huu, maana Butiama alikozaliwa 1922 ni jirani zetu kabisa.

Mtoto huyu wa Chifu Burito alianza shule Mwisenge, Musoma, akaenda Tabora, Makerere mpaka Edinburgh. Akaongoza nchi hadi 1985. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 serikali ikajikuta na viwanda kibao, na hapo likaja swali gumu: ujuzi wa kuviendesha utoke wapi? Tutafiti wenyewe au tununue kwa wageni?

Enzi zake njia zote mbili zilijaribiwa. Kiwanda cha viatu Morogoro kilijengwa kwa pesa za Benki ya Dunia, lengo viatu viuzwe Ulaya. Jengo lilikuwa na kuta za alumini na halipitishi hewa, kwenye joto lile la Morogoro! Mashine zikaharibika, vipuri hamna. Hakikuwahi kufikisha hata asilimia 5 ya uwezo wake, na 1990 uzalishaji ukasimama.

Upande wa pili, 1979 likaundwa shirika la TIRDO kutafiti mambo ya viwanda, na pale Nyumbu, Kibaha, jeshi likaanza kubuni gari letu wenyewe. Lori likatengenezwa kweli, likatembea. Lakini halikufikia kuzalishwa kwa wingi. Kumbe kubuni peke yake nako hakutoshi.

Mwalimu alifariki 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama. Swali lake bado tunalo.

Mimi jibu naliona kwenye pamba yetu. Kila kiwanda cha kuchambua pamba kikisema kitafute mbegu yake, kitafilisika. Mbegu ya UK91 ilitoka kituo cha utafiti cha Ukiriguru, Mwanza, na wakulima wengi wakapanda hiyo hiyo. Hapo kutegemea watafiti wa nje kunalipa. Ila kwa nini mashine yako inakata nyuzi au inakula umeme, anayejua ni fundi wako anayeshinda nayo kutwa. Usipokuwa naye, hata utafiti ulionunua kwa bei mbaya utaishia kabatini, kama ilivyokuwa Morogoro.

Nunua utafiti, lakini akili ya kuutumia iwe yako.

Haya wadau, kiwanda kingekuwa chako ungefanyaje?