Matthew Webb, nahodha aliyezoea maji baridi hadi akavuka bahari kwa kuogelea

Asubuhi ya Agosti 25, 1875, Mwingereza mmoja alifika Calais, Ufaransa, bila kupanda chombo chochote. Alikuwa amekaa majini saa 21 na dakika 45. Matthew Webb akawa mtu wa kwanza anayejulikana kuvuka Manche, bahari inayotenganisha Uingereza na Ufaransa, kwa nguvu za mikono na miguu yake tu.

Webb alizaliwa Januari 19, 1848, katika mji wa Dawley, Uingereza. Baba yake alikuwa daktari. Alijifunza kuogelea utotoni katika mto Severn, na akiwa na miaka 12 alianza mafunzo ya ubaharia.

Aprili 1873 alikuwa ndani ya meli Russia, ikitoka New York kwenda Liverpool, pale baharia mmoja alipoanguka majini. Webb alijitupa katika Atlantiki kumtafuta. Mtu huyo hakuonekana tena, na Webb mwenyewe alitolewa akiwa taabani kwa baridi baada ya zaidi ya nusu saa. Kwa ushujaa huo alikuwa wa kwanza kupewa medali ya Stanhope.

Baadaye, akiwa nahodha wa meli Emerald, alisoma kwamba J. B. Johnson alijaribu kuvuka Manche mwaka 1872 akashindwa. Webb aliacha kazi ili ajiandae. Alianza katika bwawa la Lambeth jijini London, kisha akahamia mto Thames na bahari yenyewe.

Maandalizi hayo yalikuwa na maana kubwa. Anayeingia ghafla kwenye maji baridi hukatika pumzi, huhema bila kujizuia, na moyo wake huenda mbio. Wengi huzama katika dakika hizo za kwanza, hata wanaojua kuogelea. Lakini mwili ukiingizwa majini mara kwa mara, kwa muda mfupi mfupi, mshtuko hupungua. Ni kama mtu anayepanda kutoka misitu yenye joto ya Walikale kwenda milima ya Masisi: siku za kwanza hutetemeka, kisha baridi ileile humsumbua kidogo zaidi. Hata hivyo, mwili uliozoea bado hupoteza joto, na akikaa sana, mikono na miguu huishiwa nguvu.

Jaribio la Agosti 12, 1875 lilikwamishwa na hali mbaya ya bahari. Siku 12 baadaye Webb alijipaka mafuta ya pomboo akaingia tena majini Dover, akisindikizwa na mashua tatu. Aliogelea mtindo wa chura, akipewa vinywaji njiani. Konyeza walimchoma, na karibu na pwani ya Ufaransa mikondo ilimzuia kwa saa tano hivi. Kwa kuzungushwa na mikondo hiyo, safari ilifika takriban kilomita 64. Ilipita miaka 36 kabla ya mtu mwingine, Thomas William Burgess, kufanikiwa mwaka 1911.

Sifa zilimletea fedha, lakini hazikudumu. Webb aliishi kwa maonyesho na mashindano, akaoa mwaka 1880 na kupata watoto wawili. Julai 24, 1883, akitafuta fedha, alijaribu kuogelea katika mkondo mkali ulio chini ya maporomoko ya Niagara. Maji yalimmeza. Mwili wake ulipatikana siku nne baadaye. Alikuwa na miaka 35.

Webb alikuwa ameizoea baridi, lakini hakuna mazoezi yanayomzoesha mtu nguvu ya mkondo. Kwa wanaovuka mto Lowa ulipojaa, au wanaosafiri kwa mashua Ziwa Kivu, maisha yake yanaacha funzo: anayeanguka majini asihangaike kupiga mbizi wala kupiga kelele mara moja, kwanza aelee, atulize pumzi, ndipo atafute ukingo. Na jaketi la kuokoa maisha huvaliwa kabla ya safari, si baada ya mashua kuanza kuyumba.