Rudolf Diesel: Mhandisi aliyetafuta mahali mafuta yanakopotelea

Kila lori linalovuka Malaba, Rusumo au Tunduma limebeba jina la mtu mmoja ndani ya tangi lake, ingawa wengi hudhani dizeli ni jina la mafuta tu. Rudolf Diesel alikuwa mhandisi wa Kijerumani. Sehemu kubwa ya maisha yake aliitumia kutafuta jibu la swali ambalo mwenye mzigo humuuliza dereva kila safari inapokwisha: mafuta yote haya yamekwenda wapi?

Alizaliwa Paris mwaka 1858. Wazazi wake walikuwa wahamiaji, na baba yake aliishi kwa kazi za ngozi. Vita vilipozuka mwaka 1870 kati ya Ufaransa na Prussia, Wajerumani wa Paris walilazimika kuondoka, na familia ikakimbilia London mikono mitupu. Rudolf, akiwa na miaka 12, alipelekwa kwa ndugu zao mjini Augsburg, Ujerumani, na huko akasomea ufundi.

Alipoingia chuo cha ufundi cha Munich, mwalimu wake Carl von Linde aliwafundisha jambo ambalo halikumtoka tena kichwani. Injini za mvuke za wakati ule zilipoteza zaidi ya asilimia 90 ya joto la makaa. Ni kama kununua magunia kumi na kufika sokoni na gunia moja lisilojaa.

Diesel aliona kwamba kuongeza makaa si dawa. Mwaka 1892 aliomba hataza ya injini ya namna nyingine: hewa ibanwe ndani ya silinda hadi iwe na joto kali, kisha mafuta yaingizwe na kuwaka yenyewe bila cheche. Hewa ikibanwa zaidi, tone lile lile la mafuta hutoa kazi kubwa zaidi.

Kiwanda kimoja cha mashine cha Augsburg kilikubali kuijenga. Katika jaribio la Agosti 1893, kipimo cha mgandamizo kilipasuka na kurusha vipande. Hewa ilivuja pembeni mwa pistoni, na mafuta hayakuingia kwa kiasi kinachotakiwa. Diesel na mafundi wake walirekebisha, wakapima, wakarudia. Mwaka 1894 injini ilizunguka yenyewe kwa muda wa dakika moja hivi. Februari 1897 Profesa Moritz Schröter aliipima rasmi na kukuta kwamba asilimia 26 ya joto la mafuta iligeuka kuwa kazi. Hakuna injini ya wakati ule iliyoifikia.

Lori lako likianza kula mafuta leo, mara nyingi tatizo liko pale pale alipohangaika Diesel. Moshi mweusi maana yake mafuta hayaungui yote: huenda chujio la hewa limeziba, nozeli zinadondosha badala ya kunyunyiza, au pampu inatoa dizeli kupita kiasi. Moshi wa bluu huonyesha oili inaungua, na ringi za pistoni hushukiwa kwanza. Gari likiwa gumu kuwaka asubuhi na halina nguvu mlimani, mwambie fundi apime mgandamizo. Moshi ukiwa safi, angalia upepo wa tairi, breki zinazoshika bila kukanyagwa, uzito wa mzigo, na saa ambazo injini hunguruma bure kwenye foleni ya mpakani.

Lakini pima kwanza, kama alivyofanya yeye. Jaza tangi hadi juu na uandike kilomita. Ukimaliza safari, jaza tena, kisha gawa kilomita ulizokwenda kwa lita zilizoingia. Rekebisha kitu kimoja, upime tena. Anayebadilisha vyote kwa siku moja hulipa vyote bila kujua kilichoponya gari.

Diesel alitamani injini yake iwasaidie mafundi wadogo washindane na viwanda vikubwa. Hakuona hilo likitimia. Injini za kwanza zilizouzwa ziliharibika mara kwa mara, na wanunuzi wakalalamika. Fedha nyingi alizopata kwa kuuza haki za uvumbuzi wake zilipotea katika jumba la fahari mjini Munich na katika vitega uchumi vibaya, huku afya yake ikidhoofika. Usiku wa tarehe 29 Septemba 1913, akiwa na deni kubwa, alitoweka melini akitoka Antwerp kwenda Uingereza. Siku chache baadaye maiti yake ilionekana baharini. Wengi huamini alijiua, ingawa ubishi haujaisha.

Malori ya dizeli yalianza kuuzwa mnamo mwaka 1924, miaka kumi na moja baada ya kifo chake. Injini za malori ya sasa zinaweza kupita asilimia 40 kwa kipimo kile kile cha Schröter, zikitunzwa. Mtu huyu aliyefuatilia kila tone lililopotea ndani ya silinda hakuzifuatilia hivyo fedha zake mwenyewe. Katika biashara ya mpakani, daftari la lita na daftari la madeni yote mawili yanahitaji kusomwa kila safari.